Dawa inakula, leza inachoma: chujio la mashua na njia mbili za kukata chuma

Chujio hili ukiliweka kiganjani, halijazi kiganja. Ni sahani ya stenlesi yenye upana wa milimita 60 na unene wa nusu milimita, na katikati yake kuna matundu zaidi ya 1,200, kila moja la milimita 0.8. Kazi yake ni kuzuia mchanga na majani ya baharini yasiingie kwenye pampu inayovuta maji ya kupoza injini. Likitoboka, pampu inatafuna mchanga. Likiziba, injini inachemka katikati ya ghuba. Pale feri ya Mtwara, ambako mashua za Msanga Mkuu huja na kuondoka kutwa nzima, mwenye mashua ambaye chujio lake limekufa ana njia mbili: aagize Dar asubiri, au afunge kipande cha neti na kumwomba Mungu.

Mimi nimegombana na chujio hili mara tatu. Ugomvi huo ndio ulionifundisha kuhusu leza na dawa, yaani kukata chuma kwa mwanga na kukikata kwa kemikali, njia mbili ambazo watu huzishindanisha kana kwamba ukichagua moja umeitaliki nyingine.

Mara ya kwanza nilidhani jambo ni jepesi. Nikachora kwa kompyuta, nikautuma mchoro kwenye karakana moja ya Dar yenye mashine ya leza, na baada ya siku nne kifurushi kikashuka na basi. Kufungua, sahani imevimba katikati kama chapati juu ya kikaango. Ukiibonyeza upande huu inaruka upande ule, tak! Chini yake kila tundu lilikuwa na vijitone vya chuma vilivyogandia, ukipitisha kidole unaacha ngozi. Fundi wa mashua aliitazama mara moja akanirudishia.

"Mjomba, hii kampe mama akakunie nazi."

Karakana ile haikuwa mbovu. Mashine yao ilikuwa imesetiwa kwa mageti na mabango, kazi wanayoipata kila siku, nami niliwapelekea kitu cha aina nyingine kabisa. Ili uone kosa lilipokuwa, inabidi kuangalia leza yenyewe inafanya nini.

Leza ni mwanga. Mtoto yeyote aliyewahi kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuzia saa saba mchana ameshajua nusu ya somo: mwanga ukikusanywa kwenye nukta moja, nukta hiyo inaungua. Tofauti ni kwamba jua linatoa rangi zote kwa pamoja na mwanga wake unatawanyika, ilhali wa leza ni wa rangi moja na unakwenda kwa mstari mmoja, kwa hiyo lenzi inaweza kuubana hadi ukawa mwembamba kuliko ncha ya sindano. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Miaka saba baadaye, huko Uingereza, Peter Houldcroft na wenzake wakapuliza oksijeni kupitia nozeli ileile iliyokuwa ikipitisha mwanga, na chuma kikakatika kisawasawa. Hili la gesi watu hulisahau. Mwanga unayeyusha, gesi inafagia. Pasipo upepo wa kufagia, chuma kilichoyeyuka kinaganda palepale kilipokuwa.

Kwa chuma cha kawaida hupulizwa oksijeni, ambayo yenyewe inaunguza chuma na kuongeza moto. Kwa stenlesi hupulizwa nitrojeni kwa presha kubwa, ili ukingo usiungue. Presha ikipungua au mwendo ukikosewa, yale yaliyoyeyuka hayaondoki yote. Yananing'inia chini ya mkato na kuganda. Ndiyo yale matone yangu ya kukunia nazi.

Na kule kuvimba je? Leza hukata tundu moja, ikamaliza, ikahamia jingine. Kila inapopita, chuma cha hapo kinapata moto na kutanuka, lakini kimezungukwa na chuma baridi kinachokataa kusogea, basi kinajibana. Kikipoa kinasinyaa na kuvuta jirani zake. Kwa tundu moja huoni kitu. Rudia mara 1,200 kwenye sahani ya nusu milimita, na kila mvuto mdogo umejumlishwa na mwenzake mpaka sahani inatafuta mahali pa kukimbilia, inakimbilia juu. Stenlesi ndiyo mbaya zaidi kwa hili, kwa sababu inapitisha joto polepole kuliko chuma cha kawaida na inatanuka zaidi. Joto linakaa pale lilipoachwa.

Kuna suluhisho la tatizo hilo ndani ya leza yenyewe: unapiga mwanga kwa mapigo mafupi badala ya kuuacha uwake mfululizo, na unarukaruka kutoka kona hii hadi ile ili sehemu moja ipoe wakati unakata nyingine. Vibomba vya matundumatundu ambavyo madaktari huviingiza kwenye mishipa ya moyo hukatwa kwa leza za namna hiyo, na ni vidogo kuliko chujio langu mara nyingi. Kwa hiyo leza inaweza. Ila muda unabaki palepale. Tuseme kila tundu linachukua sekunde moja tu: sahani moja ni dakika 20, sahani mia ni zaidi ya saa 33 za mashine. Nani atalipa hizo kwa chujio la mashua ya uvuvi?

Sasa njoo kwenye dawa.

Wanaobangua korosho kwa mkono huku kwetu wanaijua kanuni hii bila kuambiwa na mtu. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, kwa hiyo mbanguaji hupaka mikono mafuta ya kula au majivu kabla ya kushika kazi. Palipopakwa panapona, palipoachwa panababuka. Kukata chuma kwa kemikali ni hivyohivyo, isipokuwa hapa unataka pababuke, ila pale tu ulipopachagua.

Shiti inaoshwa mpaka isibaki hata grisi ya kidole. Inavikwa pande zote mbili filamu nyembamba ambayo ikipigwa na miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, inakuwa ngumu. Inawekwa katikati ya karatasi mbili za plastiki zenye mchoro uleule, moja juu moja chini, zimelingana kama kurasa mbili za daftari lililofungwa, kisha inamulikwa. Filamu iliyopata mwanga inakaza. Iliyokuwa kivulini mwa mchoro inaoshwa na maji hafifu ya magadi soda na kuondoka. Sasa una shiti iliyovaa nguo yenye matundu. Inaingizwa kwenye mashine inayonyunyiza dawa ya uvuguvugu juu na chini, inaliwa, inatolewa, inavuliwa filamu. Mtu wa batiki akisoma hapa atatabasamu: nta, rangi, kisha kuichemsha nta itoke.

Dawa inayotumika sana kwa stenlesi, shaba na chuma ni feriki kloraidi, maji ya rangi ya chai kavu ambayo yeyote aliyewahi kutengeneza bodi ya saketi chuoni ameyamwagia shati. Haichomi kama moto. Ioni za chuma zilizomo majini humo zinanyang'anya elektroni kutoka kwenye shiti, na atomu ya shiti iliyonyang'anywa elektroni zake haina tena cha kuishikilia pale. Inaondoka na maji. Hakuna joto la kuyeyusha wala nguvu ya kusukuma. Shiti inatoka imenyooka kama ilivyoingia, na ukingo hauna kijitone hata kimoja.

Halafu, uzuri wake mkubwa, matundu yote yanaliwa kwa wakati mmoja. Kwenye shiti ya milimita 300 kwa 400 zinaenea sahani zangu 24, yaani matundu karibu 29,000, na dawa haijali kama ni 29,000 au ni mawili. Zile televisheni za chogo tulizokua nazo zilikuwa na bati jembamba nyuma ya kioo lenye matundu mamia ya maelfu, ya kupitishia miali ya rangi tatu. Yalitobolewa kwa njia hiihii. Kwa leza wangekuwa bado wanatoboa.

Mbona basi dunia nzima isitumie dawa? Kwa sababu dawa haina adabu ya kwenda chini peke yake. Ikishaingia kwenye tundu inakula na kuta za pembeni pia, chini ya filamu. Kiasi gani, inategemea chuma, joto na mashine, na hujui mpaka ujaribu kipande. Ila chukua mfano ambapo ikila sehemu mbili kwenda chini inakula moja kwenda kando. Shiti yangu ya milimita 0.5 inaliwa pande zote mbili, kila upande unashuka 0.25 mpaka zikutane. Wakati huo imeshakula 0.125 kila upande wa tundu. Kwa hiyo ukitaka tundu la 0.8, mchoro unachorwa 0.55. Anayechora 0.8 anapata zaidi ya milimita moja, na mchanga unapita.

Kutokana na tabia hiyo yanakuja mengine. Ukuta wa tundu hauwi wima. Katikati, pale dawa ya juu ilipokutana na ya chini, panabaki kingo ndogo kama mshono. Tundu haliwezi kuwa dogo kuliko unene wa shiti, au likikubali linakubali kwa shida. Kona ya ndani hata uichore kali kama herufi L itatoka mviringo. Makosa ya kipimo huwa kama asilimia kumi ya unene, na hiyo ina maana kwamba shiti nyembamba inapata usahihi wa ajabu na shiti nene inapata aibu. Kupita milimita moja na nusu hivi, wengi wanaacha dawa na kutafuta kitu kingine.

Ukiyasikiliza malalamiko ya pande zote mbili utagundua hayagongani. Leza inalalamikiwa kwa joto, matone na muda pale mambo yanapokuwa mengi na madogo. Dawa inalalamikiwa kwa kona, kwa unene, na kwa kitu kimoja zaidi ambacho sikukijali mpaka kiliponigusa mfukoni: kila umbo jipya linadai mchoro mpya, karatasi mpya na oda mpya. Leza hubadilisha umbo kwa kubadilisha faili tu.

Na mashua za pale feri hazina pampu moja. Hii inataka sahani ya duara yenye masikio mawili, ile inataka masikio matatu, nyingine ina mfereji wa milimita 0.3 wa kushikia pini, mwembamba kuliko unene wa shiti yenyewe, ambao dawa haiwezi kuuchimba vizuri. Lakini katikati, pale kwenye matundu, zote ni ndugu wa tumbo moja. Hapo ndipo akili ilinijia: matundu yaliwe kwa dawa, yote, kwa wingi, kwenye shiti isiyo na umbo, halafu leza ije kukata ukingo wa nje kulingana na pampu ya mteja. Leza ikikata ukingo peke yake inapita mara moja kwa sekunde chache, mbali na matundu, na joto lake haliwezi kuvimbisha kitu.

Wazo halikuwa langu. Viwanda vya simu vinalifanya siku zote. Kabla vifaa vidogo havijabandikwa kwenye bodi, uji wa lehemu hupakwa kupitia bati la stenlesi lenye vidirisha. Vifaa vikubwa vinataka uji mwingi, vidogo vinataka kidogo, na bati ni lilelile. Basi wanachukua shiti ya milimita 0.15, wanaila kwa dawa mpaka 0.1 sehemu ile ya vifaa vidogo tu, bila kuitoboa, kisha leza inakata vidirisha vyote. Dawa imefanya kina, leza imefanya mkato. Leza ya kukatia si mtaalamu wa kupunguza unene katikati ya shiti ikaacha sakafu laini. Dawa inafanya hivyo usingizini.

Ugomvi wa pili, basi. Niliagiza shiti ya matundu kutoka nje, ikaja safi kiasi kwamba nilikaa jioni nzima barazani nikiimulika kwa lenzi. Nikaipeleka Dar ikakatwe ukingo. Ikarudi. Imenyooka, haina tone, na upande mmoja mkato umepita katikati ya matundu, ukayagawa nusunusu kama meno ya chanuo. Ilikuwa imehama milimita moja hivi.

Hapa sina wa kumlaumu. Niliwaambia wapime kutoka kwenye ukingo wa shiti. Lakini ukingo wa shiti ulikatwa na mkasi wa kiwandani kabla mtu yeyote hajafikiria matundu. Haujui matundu yako wapi, na matundu hayaujui. Kinachojua ni kitu kilichozaliwa pamoja na matundu. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uzoefu huchora kwenye mchoro uleule wa dawa alama mbili au tatu, vitundu vidogo au misalaba pembezoni, ambavyo vinaliwa dakika ileile na matundu yenyewe. Shiti ikifika kwenye leza, kamera ya mashine inazitafuta alama hizo na kujipanga kwazo, hata kama shiti imewekwa mshazari. Mashine isiyo na kamera hutengenezewa pini mbili mezani, na shiti inavikwa kwenye pini kupitia vitundu hivyo. Nikiulizwa leo ugumu wa kuunganisha njia hizi mbili uko wapi, sitataja leza wala dawa. Nitataja hapo zinapokabidhiana.

Kuna kuunganisha kwingine ambako ni kwa mfukoni, na nadhani ndiko kutakakowafaa vijana wa karakana za Mtwara na Lindi mapema zaidi. Zile leza ndogo za meza, za wati tano au kumi, zinazochora kwenye mbao na ngozi, haziwezi kukata chuma. Lakini zinaweza kuchoma rangi. Nilichukua kibati cha shaba ya njano cha nusu milimita, nikakisugua kwa msasa mwembamba na kukiosha, nikakipulizia rangi nyeusi ya kopo mgongoni na usoni, kikakauka usiku kucha. Leza ikachoma rangi pale tu nilipotaka kuliwe. Hakukuwa na karatasi ya mchoro wala taa ya urujuanimno wala chumba cha giza. Nikapitisha pamba yenye spiriti kidogo kufuta masizi, kwa sababu masizi yakibaki dawa haigusi chuma, halafu nikakilaza kwenye beseni la plastiki lenye feriki kloraidi, uso ukitazama chini ili uchafu udondoke. Joto la Desemba la Mtwara likanifanyia kazi ya hita. Baada ya kama saa moja herufi zilikuwa zimezama vya kutosha kuzisikia kwa ukucha.

Mambo mawili hapo hayana mzaha. Shaba inarudisha mwanga kama kioo, na mwanga wa leza ya buluu ukirudi jichoni hauombi ruhusa. Miwani iwe ile iliyotengenezwa kuzuia mwanga huohuo wa leza, si miwani ya jua ya mnadani. La pili, unga wa feriki kloraidi unapotiwa majini unatoa joto jingi, hivyo unga unafuata maji, kidogokidogo, na kamwe usimwage maji juu ya unga. Maji yaliyokwisha kutumika yana shaba ndani yake, na shaba ni sumu kwa samaki. Usiyapeleke kwenye mtaro, maana mitaro ya Mtwara yote ina safari moja, na mwisho wa safari ni mikoko. Yatulizwe kwa magadi soda mpaka tope litue, tope likusanywe kando kwenye chombo kilichofungwa.

Chujio la tatu lilikuja likiwa na alama zake, limekatwa sawasawa. Kilichobaki ni kitu ambacho mtu wa Dodoma angeweza kukipuuza, sisi wa pwani hatuwezi. Ukingo ulipopita leza ulikuwa na utepe mwembamba wa rangi, njano ya asali ikiingia kwenye buluu. Wengi huuona urembo. Maana yake ni kwamba moto umeunguza uso wa stenlesi, na chini ya rangi hiyo kromiamu, ambayo ndiyo inayoifanya stenlesi isishike kutu, imepungua. Karibu na maji ya chumvi kutu huanzia hapohapo, utepe uleule, kama vile mtu ameichorea njia. Huondolewa kwa dawa pia, aina nyingine, kali, ya kupaka na kuosha. Kwa maneno mengine, baada ya dawa kuikabidhi shiti kwa leza, leza inairudisha kwa dawa. Na kuosha kwenyewe kuwe kwa maji baridi mengi yasiyo ya kisima cha chumvi, kwa sababu kloraidi iliyobaki kwenye vitundu ni ileile iliyomo baharini: tumeitumia kula stenlesi kwa makusudi, itaendelea kuila bila ruhusa.

Nililipeleka feri asubuhi. Fundi alilinyanyua mbele ya jua, akafumba jicho moja, akalizungusha taratibu. Vidoa vya mwanga vikamwagika usoni mwake. Akapitisha kidole gumba chini ya matundu, akarudia, akatazama kidole.

"Halikwaruzi."

"Halikwaruzi, mjomba."

Akaliweka mfukoni mwa shati bila kuniuliza bei, akainama chini ya benchi na kuibuka na sahani kuukuu yenye kutu, ya pampu nyingine kabisa, masikio matatu na mfereji mwembamba upande mmoja. Akaipiga juu ya kiganja changu.

"Na hii?"